Viini Viwili

Chavakali, nyuma ya duka la mbolea,
mashine yangu ya kudarizi haisikii amri ya mtu
ila ya kompyuta moja kuukuu, rangi ya maziwa yaliyolala.
Nunua mpya, wananiambia.
Mpya haina tundu la kadi ile.
Mpya ni mgeni wa siku ya tatu asiyejua jembe.

Januari shule zinataka nembo: mwenge, kitabu, tai,
na prosesa yangu ya kiini kimoja
inafungua tai nusu, inasinzia.
Nimechemsha chai, nimeinywa, nimeosha kikombe,
bawa la pili halijafika.

Ogweno wa Kibuye alifungua kifuniko, akapuliza vumbi,
akasoma maandishi kama asomaye msalaba wa kaburi.
"Matundu mia tisa thelathini na tisa, dada.
Bodi hii inapokea prosesa ya viini viwili.
Zilitengenezwa kwa muda mfupi, zikaachwa.
Ukiiona, usiulize bei kwa sauti."

Jumapili nne nilipindua mizoga Kibuye.
Nikaonyeshwa zenye pini pungufu, zenye pini za ziada,
moja isiyo na pini kabisa, bapa kama biskuti.
Nakuru, binamu alisema kwa simu, hakuna;
kuna mtu Bondeni anayezichoma apate dhahabu.
Anapata?
Anapata kikohozi.

Kisha, stendi ya Luanda, pikipiki ya Adagala:
funguo zake zilining'inia kwenye kijiwe cha mraba.
Nilimshika mkono kama niliyemkamata mwizi.
Ndiyo yenyewe. Herufi zilezile, namba zilezile,
na pembeni tundu la keekee,
mnyororo umepita.
"Urembo tu huu," akasema.
Nilimlipa nauli ya safari ambayo sikwenda.

Vugutsa, karani wa fedha wa shule fulani, alishikilia ufunguo wa stoo.
"Kompyuta za msaada haziuzwi bila kumbukumbu za kikao."
Nilishona nembo arobaini bure, kikao kikakumbuka.
Ndani ya kasha la tatu kuku alikuwa ametaga.
Mayai sita, bado yana joto,
moja kubwa kupita wenzake. Sikusema kitu.
Nilimwomba kuku radhi, nikachomoa feni.
Chini yake, dawa ya joto imekauka kama ukoko,
na chini ya ukoko
yeye.
Pini tatu zimelala kifudifudi.

Ogweno alitoa kisu chembamba. Nilikataa.
Nikachukua sindano yangu namba kumi na moja,
nikavaa miwani aliyoniachia marehemu mama,
nikafunga dirisha, maana hata upepo una mikono.
Ya kwanza iliinuka.
Ya pili iliinuka.
Ya tatu ilinikumbusha kila mshono nilioufumua kwa hasira.
Ikainuka nayo, ina kigoti kidogo.

Iliingia bila kusukumwa.
Ogweno, ambaye husema sana, alinyamaza.

Betri ya saa ilikuwa imekufa zamani.
Skrini iliwaka, ikahesabu: kimoja, viwili,
ikatangaza kwamba leo ni Januari mosi, elfu mbili na tano.
Mwaka huo mama ndiye aliyekalia kiti hiki,
akilamba ncha ya uzi kabla ya kuutunga sindanoni,
akiigombeza mashine kwa Kimaragoli, nayo ikielewa.

Tai alifunguka, mabawa yote mawili,
kabla sijalifikia birika.

Kuna mahali pa kusahihisha tarehe. Napajua.
Kesho.
Leo nina sweta sitini,
na kwa hesabu ya mashine
mama ametoka tu kidogo, amekwenda kununua uzi.